Jua Mia Tano

Niliwaambia wazime taa, na wa mwisho kuingia afunge mlango. Walikuwa wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la sita, wamejibana kwenye kuta mbili za Chumba cha Mwanga. Nilikuwa nimefundisha hesabu kwa miaka kumi na tisa, lakini siku hiyo ndiyo ya kwanza kuwa na ufunguo wa chumba kile mfukoni. Mwalimu Kolimba, aliyefundisha somo la nyota tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto, alikuwa amestaafu mwezi uliotangulia. Ilibidi apatikane mtu. Mwenzangu wa kilimo alikataa, akasema kitu ambacho hawezi kukimwagilia maji hakimhusu, na hivyo nikabaki mimi.

Taa zikazimika. Mbele kulikuwa na bamba la chuma lenye tundu ambalo msumari mdogo ungeliziba. Nje ya chombo, kioo kinachofuata Jua kilikuwa kikirusha mwanga kwenye tundu hilo. Mwanga ukaingia, ukavuka chumba chote, ukatua kwenye ubao mweupe wa upande wa pili na kuwa duara dogo. Watoto wakainua shingo. Kilindi, chombo chetu cha angani, haina madirisha. Ngozi yake ni mita nne za mwamba na barafu, na wengi wao hawakuwahi kuona kitu chochote kilichotoka upande wa pili wa ngozi ile.

Nikawaeleza kwamba duara lile halikuwa umbo la tundu. Hata tundu lingekuwa na pembe tatu, pale ubaoni bado tungeona duara, kwa sababu kinachoonekana ni Jua lenyewe. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka juu ya Jua hupita tunduni ukaangukia chini ya ubao, na unaotoka chini huishia juu. Kwa hiyo kuna pembetatu mbili zilizogusana ncha pale tunduni, ndogo humu chumbani na kubwa mno huko nje, na umbo lao ni moja. Chukua urefu wa kutoka tunduni hadi ubaoni, ugawanye kwa upana wa duara, na jibu lako ni idadi ya majua yanayoweza kupangwa mstarini, yakigusana, kutoka tulipo mpaka lilipo Jua.

"Hatuhitaji darubini," niliwaambia. "Hatuhitaji hata mashine za Idara ya Njia. Tunahitaji rula na akili, na rula nimewaletea."

Wakacheka kidogo, kwa adabu.

Ukiwa duniani jibu ni mia moja na saba. Kila mtoto wa Kilindi anaijua namba hiyo kabla hajajua jina la babu yake. Miaka hamsini iliyopita wazee wetu waliondoka nayo, wakaenda kuchimba barafu kwenye miezi ya sayari ya Mshtarii, na kila mwaka darasa la sita walihesabu upya na jibu likapanda. Lilipofika mia tano na sitini tukawa tumefika na kuchimba. Kisha, miaka sita iliyopita, injini ziliwaka siku kumi na moja, vyombo vikagongana makabatini, na Mkuu wa Njia akatangaza kwamba tumegeuka. Tangu hapo jibu hushuka kumi kila mwaka. Kila nyumba ina kamba ya shanga mlangoni, ushanga mmoja kwa kila Jua kumi, na kila Siku ya Kugeuka mwanafunzi wa kwanza wa darasa la sita husoma jibu kwenye kipaza sauti, watu wote wakatoa ushanga mmoja. Nyumba yenye mtoto humfunga ushanga huo mkononi. Mwaka huu tulitarajia mia tano.

Wakapita mmoja mmoja na rula zao kupima duara. Milimita kumi na sita. Urefu wa chumba hawakuupima, kama nasi hatukuupima zamani zetu, kwa sababu umeandikwa ukutani kwa rangi ya buluu: TUNDU HADI UBAO MITA 8. Mgeni angeuliza mbona hatupimi. Mgeni huyo hajalelewa na kuta. Kwetu ukuta ukisema mlango huu usifunguliwe, haufunguliwi, na ukisema bomba hili ni la moto, hakuna anayeligusa kuhakikisha. Waliogusa walishazikwa, na sisi ni watoto wa wale ambao hawakugusa.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila mahali pa utoto wangu pamekuwa padogo: dawati, uwanja, hata choo cha shule. Chumba cha Mwanga peke yake kilionekana kikubwa kuliko nilivyokikumbuka. Nikasema ni uzee, na nikawarudisha darasani.

*

Nilisahihisha madaftari mchana, baada ya kula, nikiwa na kalamu nyekundu na usingizi. Mia tano, vema. Mia tano, vema. Mmoja alikuwa ameandika elfu tano, nikamwekea kosa na neno la kumtia moyo. Nikafika kwenye daftari la Sikudhani, binti wa fundi cherehani wa Mtaa wa Nne, msichana mkimya ambaye kwa hesabu hakuwahi kushika nafasi ya pili. Alikuwa ameandika mia saba.

Kalamu ilishaweka kosa kabla macho hayajamaliza kusoma. Ndipo nikaona hesabu yenyewe. Upana wa duara ulikuwa milimita kumi na sita, sawa na wa wenzake. Chini yake aliandika: "Tundu hadi ubao sentimita 1,120. Nimepima kwa tepu ya mama, mara saba na sentimita sabini."

Nikamwita. Alikuja, akaniamkia, akasimama na mikono nyuma. Nilimuuliza kama hakuiona namba ukutani. Akasema aliiona.

"Sasa mbona ukapima?"

"Kwetu kitambaa hakikatwi kwa kipimo alichokuja nacho mteja, Mwalimu. Mama hupima mwenyewe kwanza. Wenzangu walipokuwa kwenye foleni ya rula, mimi nikapima sakafu."

Sikukasirika. Nataka hilo lijulikane. Nilifurahi kidogo, furaha ya mwalimu aliyepata nafasi ya kumwonyesha mwanafunzi bora kwamba naye hukosea. Nikachukua ufunguo, tukaenda wote wawili. Nilishika mwanzo wa tepu pale chini ya tundu, yeye akaivuta, akaweka alama ya chaki, nikasogea. Tepu ya fundi ina mita moja na nusu. Mara ya tano tulipita mita saba na nusu na ubao ulikuwa bado uko kule. Mara ya saba nilikuwa nimepiga magoti na shati limelowa jasho. Ubao tulifika kwa sentimita sabini zaidi.

Sikudhani alinitazama bila kuringa. Akasema labda aliyeandika ukutani alikosea. Nikamwambia labda, nitachunguza, arudi nyumbani asimchoshe mama yake na maswali. Alipoondoka niliwasha taa zote na kulala kifudifudi sakafuni kama mtu aliyeangusha pete.

Ubao ule unasimama kwenye reli, nao hushikiliwa na pini ya chuma inayoingia kwenye tundu la reli. Sikuwahi kujua kwamba reli ina matundu mengi. Moja lilikuwa kwenye mita nane kamili, limejaa vumbi gumu la miaka. Baada yake yalifuata mengine sita, yamepishana kama nusu mita, yametobolewa kwa mkono, na la mwisho bado lilikuwa na unga wa chuma ukingoni. Yalikuwa sita kwa miaka sita. Nyuma ya ubao kulibaki sentimita thelathini, kisha ukuta.

Sikuhitaji kalamu. Kama chumba ni mita nane, Jua liko mbali majua mia tano na tunarudi. Kama chumba ni mita kumi na moja na sentimita ishirini, liko mbali majua mia saba, na hatujawahi kugeuka. Kuna mtu aliyekuwa akiurudisha ubao nyuma kila mwaka, kiasi cha kulifanya Jua linalopungua lionekane linakua. Nilikaa pale sakafuni na nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani, na kilichonitisha zaidi ni kwamba hesabu ilikuwa nyepesi sana.

*

Mwalimu Kolimba nilimkuta kwenye bustani ya maharage, chini ya taa za mchana, akichambua na kutia kwenye ungo. Nilimwamkia. Akaitikia, akanisogezea kigoda, nikakaa. Nikasema nimekuja kwa ajili ya ufunguo.

"Nani amepima?" akauliza.

Hakuuliza kapima nini. Nikajua hapo hapo kwamba kale katumaini kangu kadogo, kwamba labda kuna maelezo, hakana pa kushika.

Alinieleza bila kunificha, kwa sauti ile ile aliyotufundishia mwendo wa sayari. Injini zilitakiwa kuwaka siku kumi na tisa. Siku ya kumi na moja tangi kubwa lilipasuka, na nusu ya barafu tuliyoichimba, ambayo ndiyo mafuta ya injini na ndiyo mafuta ya mtambo wa joto, ikamwagikia angani. Chombo hakikusimama wala hakikurudi, kwa sababu huko nje kitu kisichosukumwa hakisimami. Kinazunguka. Kilindi inalizunguka Jua sasa kama jiwe lolote lile, mzunguko mmoja kwa zaidi ya miaka kumi na minne, ikisogea mbali kidogo kisha karibu kidogo, na pale pa karibu kabisa ni njia ya Mshtarii. Dunia waliulizwa kwa redio. Jibu lilikuja kwamba hakuna chombo kinachoweza kutufikia kwa wakati. Wakatupa pole.

Nikamuuliza wakati gani huo. Akasema mtambo wa joto umebakiwa na mafuta ya miaka kumi na tisa.

"Mwaka ule wa kwanza nilipima mwenyewe asubuhi kabla ya darasa," alisema. "Nikapata mia tano themanini na saba. Nikadhani nimezeeka, nikaenda Idara ya Njia wanisahihishe. Mkuu wa Njia akafunga mlango akalia mbele yangu, mwanamke mzima. Ubao niliusogeza kwa mkono wangu, Hiza. Hakuna aliyenilazimisha."

Watu wanaojua walikuwa tisa, nami nikawa wa kumi, yaani Sikudhani tusipomhesabu. Nilimwambia kwamba watu wana haki ya kujua. Yeye akaniuliza wakishajua wafanye nini. Nikafikiri. Nilifikiri kweli, nikitafuta kitu kimoja tu ambacho fundi, mkulima au nesi angeweza kukifanya kesho kwa sababu ya kujua leo, na sikukipata. Injini haiwaki. Barafu iliyobaki ni ya joto tu. Watu elfu tatu wangeacha kuishi miaka kumi na tisa na kuanza kuisubiri iishe. Nilikuwa na hasira na sikuwa na hoja, hali mbaya sana kwa mwalimu.

Kisha nikakumbuka vibali vya uzazi. Enzi zetu kila nyumba ilikuwa na mtoto mmoja. Tangu Kugeuka, Baraza limeruhusu wa pili, kwa kuwa tunarudi. Nilimuuliza kuhusu hao watoto wa pili. Mama yake Sikudhani ana mimba ya miezi saba.

Hapo mikono yake ikasimama. Alisema hilo alilipinga, lakini kuzuia vibali kunataka sababu, na sababu yenyewe ndiyo wanayoificha. Waliokuwa na hofu ya kusema walikuwa wengi kuliko waliokuwa na hofu ya kunyamaza. Akanyanyua ungo, akaupepeta, maganda yakaruka.

"Siku ya Kugeuka ni baada ya siku nne," akasema. "Anayesoma ni wa kwanza wa hesabu, wote wanajua ni yule mtoto. Ukimwengua, mama yake atauliza. Mfanye aamini amekosea. Kalamu nyekundu unayo."

Nilipoinuka aliniambia kwamba tangu anikabidhi ufunguo analala vizuri, na kwamba anaona aibu kuniambia hivyo. Nilimwamini katika yote mawili.

*

Kwa siku tatu nilijikaza kisabuni. Nilifundisha awamu za Mwezi ambao hakuna kati yetu atakayeuona, nikiuzungusha mpira kuzunguka taa, na kila mtoto aliponyoosha mkono nilishtuka. Sikudhani hakunyoosha. Daftari lake nilikuwa bado sijalirudisha.

Siku ya tatu, baada ya vipindi, nilienda Mtaa wa Nne. Nilikuwa nimeamua kumwambia mama yake ukweli. Tumbo ni lake na mtoto ni wake, na nilijiambia kwamba ikiwa kuna mtu mmoja katika chombo hiki mwenye haki ya kwanza ni yeye. Nilirudia maneno njia nzima. Nilikuwa na sentensi tatu, fupi, zilizopangwa vizuri.

Bi Mshindo, mama yake Sikudhani, alikuwa cherehanini, tumbo limegusa meza. Kamba ya shanga ilining'inia mlangoni, hamsini na moja, ikisubiri kesho. Alifurahi kuniona, akamtuma Sikudhani alete chai, akaniomba radhi kwa vitambaa vilivyojaa kwenye viti. Kisha akasema afadhali nimekuja, kwa sababu ana swali la elimu ambalo bintiye ameshindwa kumjibu. Akatoa kofia. Ilikuwa ya kitambaa kizito cheupe, ukingo mpana pande zote, imeshonwa mara mbili.

Alikuwa amesikia kwamba Jua la duniani linachoma kichwa, kweli au si kweli? Nikasema ni kweli. Basi akafurahi. Kofia ile ilikuwa ya mtoto aliye tumboni. Tukifika atakuwa na miaka thelathini na tisa, na yeye fundi huenda atakuwa ameshakufa, au macho yameshakwisha, kwa hiyo ameona aishone sasa. Kilichomtatiza ni kipimo. Kichwa cha mtu mzima asiyemjua akipime vipi? Ameacha pindo la kupanulia ndani, sentimita tatu. Akanigeuzia kofia nilione lile pindo.

Nilishika kofia ile mikononi. Sentensi zangu tatu zilikuwa zimeondoka zote. Nilimtazama usoni nikaona kwamba nikifungua mdomo nitamnyang'anya mwanawe kabla hajamzaa, na sitakuwa na kitu cha kumpa badala yake. Lakini pia nikinyamaza namwacha azae mtoto atakayekufa kwa baridi akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuna upande niliougeukia ambao haukuwa na mtoto huyo.

Sikudhani aliweka chai mbele yangu. Mama yake akauliza kwa mzaha kama bintiye ana makosa gani hata mwalimu aje nyumbani. Wote wawili wakaningoja.

"Ni jambo dogo, Mama Sikudhani," nikasema. "Alipima chumba kwa tepu yako, jibu likapotea. Nimeichunguza. Tepu hiyo imevutika."

Uso wa Bi Mshindo ulibadilika. Tepu ile ililetwa na mama yake kutoka duniani. Hailoweshwi, haitundikwi na uzito, haiazimwi mtu. Alikuwa ameikatia nguo za arusi na sanda za nusu ya Kilindi, na hakuna aliyewahi kurudi na malalamiko. Niliona anataka kubisha, na haki yote ilikuwa yake. Kisha akakumbuka ninayesema ni mwalimu. Akaichukua tepu kutoka shingoni, akaitazama kwa muda, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama Mwalimu amesema, basi. Atatafuta nyingine. Na ile kofia itabidi aifumue.

Sijawahi kumdhulumu mtu kazi ya mikono yake kabla ya siku ile. Nilijisikia vibaya hata chai ikanishinda. Sikudhani alisimama kando ya mlango akinitazama mimi, halafu tepu, halafu mimi. Nikatoa daftari lake, lenye kosa jekundu na neno "rudia", nikamkabidhi. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

*

Siku ya Kugeuka kazi zote husimama saa tano asubuhi. Watu walijaa uwanja wa shule na mitaani chini ya spika, kila nyumba na kamba yake. Bi Mshindo alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti alichopewa kwa ajili ya hali yake, shanga mapajani. Shingoni hakuwa na tepu. Niliona Mwalimu Kolimba upande wa bustani, na Mkuu wa Njia jukwaani, amevaa sare, mikono ameibana katikati ya magoti.

Nilikuwa nimeshindwa kumwengua Sikudhani na nimeshindwa kuongea naye. Daftari lilirudi asubuhi ile mezani pangu likiwa limefungwa, na sikuwa na ujasiri wa kulifungua. Alipanda jukwaani na sare iliyopigwa pasi, shanga tano mkononi mwake za miaka mitano. Akasimama mbele ya kipaza sauti. Taratibu ni kwamba mwanafunzi hueleza kwanza jinsi jibu lilivyopatikana.

Akaeleza. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Kuna pembetatu mbili zilizogusana ncha. Upana wa duara ni milimita kumi na sita. Kisha akafika mahali pa kusema urefu wa chumba, na akanyamaza.

Sijui alinyamaza muda gani. Mkuu wa Njia alifumba macho. Mimi, nawaambia kweli, katika ule ukimya nilitamani aseme. Nilitamani mtoto wa miaka kumi na mbili aseme jambo nililoshindwa kulisema mimi mwenye arobaini na tano, ili lisiwe langu tena. Niliona macho yake yanashuka kwenye mstari wa mbele, kwenye kile kiti.

"Urefu umeandikwa ukutani," akasema. "Mita nane. Jibu ni Jua mia tano."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Watu wakafungua vifundo, wakatoa shanga, wakawafunga watoto mikononi, wengine wakalia kwa furaha kama kila mwaka. Bi Mshindo alitoa ushanga wake, akaubusu, akauweka juu ya tumbo na kucheka. Mkuu wa Njia alimpa Sikudhani mkono na hakuuachia haraka.

Nilienda nyuma ya jukwaa. Sikudhani alinikuta pale, akaniamkia upya kama vile hatujaonana siku ile. Kiganjani alikuwa na ule ushanga. Alisema mama amempa amtunzie mtoto mpaka azaliwe. Akaufunga kwenye kona ya leso, akaikaza vizuri.

"Mwalimu," akasema taratibu, "tepu ikivutika, sentimita zake huwa ndefu. Namba ingepungua. Isingeongezeka."

Nikasema ndiyo. Mimi mwalimu wa hesabu nilikuwa nimedanganya kwa hesabu, na nikakosea.

"Nimemwambia mama sasa hivi kwamba ulikosea, tepu ni nzima. Aivae." Akatazama uwanjani, walikokuwa wameanza kucheza. Alikuwa na uso wa mtu mzima, uso uliochoka, na mimi ndiye niliyemvisha. "Niliyaona yale matundu kwenye reli siku ile. Na nyuma ya ubao nimepima. Zimebaki sentimita thelathini tu."

Alifungua daftari jingine, ukurasa safi, akatoa penseli sikioni kama anavyofanya mama yake. Alikuwa akiningoja, kwa adabu, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu wake amalize kufuta ubao.

"Mwakani ubao utafika ukutani, Mwalimu. Tutafanyaje?"